Theluji ya Buluu

Jumatatu, Agosti 1966. Wodi ya kifua, Kisii.

Mvua ya mawe imeanza mapema leo, hata uji wa saa kumi haujaletwa. Mabati yanapigwa mpaka siwezi kusikia kikohozi changu mwenyewe. Kama imefika kwetu Ekerenyo, basi pareto yote imelala chini sasa hivi, na majani ya migomba yamechanika kama matambara. Juzi ningekaa hapa nikisikitikia pareto. Leo haiingii akilini.

Mtoto wangu amekufa.

Haya, nimeandika. Nilidhani mkono utakataa, lakini mkono ni mtumwa, unaandika chochote unachoambiwa.

Naandika kwa Kiswahili kama nilivyozoea tangu nilazwe. Mwanzoni nilijidai kwamba ni mazoezi ya mwalimu, nisije nikarudi darasani nimeota kutu. Ukweli ni kwamba Kiswahili nilikipata shuleni, na vitu nilivyovipata shuleni naweza kuvishika bila kuungua. Ekegusii niliimbiwa nikiwa mgongoni. Nikianza kumwandika Nyaboke kwa Ekegusii sitamaliza mstari.

Nitaeleza kwa utaratibu. Kichwa changu hakina utaratibu wowote leo, basi daftari liwe nao.

Nililetwa hapa nikitema damu, wakati mke wangu Bochaberi ana mimba kubwa. Mtoto alizaliwa mimi nikiwa katika kitanda hiki hiki cha karibu na dirisha. Nilichoweza kumpa ni jina tu. Nilituma ujumbe nyumbani kwamba akiwa msichana aitwe Nyaboke, jina la mama yangu marehemu. Bochaberi alikubali, na siku alipokuja kunitazama mara ya kwanza baada ya kujifungua, aliniita "Ise Nyaboke", yaani Baba Nyaboke, kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho. Nilikuwa nimekonda kama fito, lakini siku hiyo nilikuwa mtu mzito.

Nyaboke nilimwona mara moja. Mama yake alimleta amemfunika leso, askari wa langoni akadhani ni mzigo, na mama mtu akamnyanyua mbele ya wavu wa dirisha. Mimi ndani, wao nje. Alikuwa amevaa kofia nyekundu ya sufu, akapiga chafya. Ndiyo mali yangu yote kutoka kwake, kofia na chafya. Kisha Sista Hilda, muuguzi wetu, akatokea amewaka, akasema mtoto mchanga haruhusiwi hata kukanyaga uani kwa watu wa kifua, na haki alikuwa nayo. Tangu hapo Bochaberi alikuwa akimwacha kwa dada yake karibu na soko, anakuja hospitalini peke yake kila Jumapili.

Sasa nieleze habari ya theluji, maana bila hiyo haya mengine hayatasomeka.

Sista Hilda anatoka nchi ya baridi. Anaamini kwamba sindano peke yake haziponyi kifua, kichwa nacho lazima kilazwe kitandani. Aliona tunavyokaa tukitazama dari na kusikilizana tukikohoa, mmoja akianza wodi nzima inaitikia. Siku moja akaja na mkasi wa kukatia bendeji, ule wenye ncha butu, na karatasi nyepesi ya buluu inayofungiwa marobota ya pamba. Akatuambia, kwa Kiswahili chake, "Kifua inataka polepole. Mikono ifanye kazi, kichwa ilale." Akakunja, akakata, akafungua. Kikatokea kitu kama ua lenye pembe sita. Akasema kwao vitu hivi vinaanguka kutoka mbinguni, vyeupe, na havipigi kelele.

Mzee Momanyi, mwenye bucha hapa mjini na jirani yangu wa kitanda, aliuliza kama vinatoboa mabati. Sista akasema vinaweza kujaza shamba zima usiku na usijue mpaka uamke.

"Kitu kitoke juu, kijaze shamba, na mimi nimelala sijui?" Momanyi akasema. "Hiyo mimi sikubali."

Tulicheka mpaka tukakohoa. Sisi tunachokijua ni mawe, na mawe yakija hata kiziwi anaambiwa.

Lakini mchezo ule ulinishika. Unakata mraba kwanza. Unaukunja pembe kwa pembe, unaukunja tena nusu, halafu unaugawa mara tatu mpaka unabaki na kipembe chembamba. Ndipo unaanza kukata, matundu madogo kwenye kingo, na unapunguza juu. Lazima uache mahali pameshikana. Ukikata kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili unapata takataka. Momanyi, kwa mikono ile ya kupasua mifupa, kila akifungua yake inatoka kama matumbo ya mbuzi, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Yangu ilitoka vizuri tangu siku ya kwanza. Nikaona kwamba ninapokata, pumzi inashuka yenyewe, na mambo ya nyumbani yanasogea mbali kidogo, kama redio iliyopunguzwa sauti. Nikawa nakata kila siku isipokuwa Jumamosi, kwa sababu nimelelewa Msabato na mkasi ni kazi, ingawa Momanyi hunitania kwamba Mungu hawezi kuhesabu karatasi kuwa jembe.

Na nikapata mtu wa kumkatia. Kila wiki niliichagua ile nzuri kuliko zote. Sista akaniruhusu kuitoa, ila lazima kwanza ilale juani siku nzima, kwa sababu jua linaua vijidudu. Jumapili Bochaberi anaichukua kwenye ukuta wa nje ilikoanikwa, anaikunja kwa kufuata mikunjo yake, anaifunga katika pindo la leso. "Nitamtundikia juu ya kitanda," alikuwa akisema. Nikawa nalala nikiziona, theluji zangu za buluu zikicheza juu ya kofia nyekundu.

Jumapili kadhaa zilizopita aliniambia Nyaboke ameota jino. La chini, mbele. Nilifurahi kama mjinga. Wiki nzima nilikata theluji yenye kingo za meno madogo madogo, nikamwonyesha kila mgonjwa, hata yule Mjaluo wa kitanda cha mlangoni ambaye hapendi kusumbuliwa. Wote walisema ni nzuri. Mmoja wao, nakumbuka sasa, aliitazama muda mrefu akanirudishia huku akigeuza uso.

Jana Bochaberi alikuja.

Alivaa gauni lake la maua. Akasimama nje ya wavu kama kawaida, akaniambia pareto imechumwa, kaka yangu mkubwa anasalimia, mbuzi amezaa. Akacheka palipotakiwa kicheko. Nami nikawa namtazama, na kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kama kijipunje cha mchanga ndani ya wali, sikijui ni nini.

Zamani alikuwa hakai. Dakika chache tu maziwa yanaanza kumtoka, naona madoa mawili yanapanuka kifuani, anajifunika leso huku akiona haya, anasema mtoto atakuwa analia, anaondoka kabla ya kengele. Nilikuwa nikilalamika moyoni kwamba mtoto ananinyang'anya mke. Jana alikaa. Kengele ya kwanza ikalia, akakaa. Watu wengine wote wakaondoka, akakaa kwenye ile benchi ya nje, mikono mapajani, mpaka askari akamfuata. Na kifua cha gauni kilikuwa kikavu kabisa.

Nilimuuliza kuhusu jino la pili. Akautazama wavu, si mimi. Akasema, "Linakuja."

Nikampa theluji ya wiki hii. Akaikunja, akaifunga. Alipoinuka kwenda akasema, "Haya, Mwalimu, ubaki salama."

Mwalimu!

Mimi ni mwalimu wa watoto wa watu wengine. Kwa Bochaberi mimi ni Ise Nyaboke tangu siku ile, hata tukigombana. Hilo jina halikumponyoka kwa bahati mbaya. Alilifikia lile la Nyaboke, akaona hawezi kulitamka, akachukua lililokuwa karibu. Nilimwona akikaza shingo ili asigeuke.

Tangu jana jioni nimekuwa nikiviweka hivi vitu kimoja juu ya kingine na kuvibomoa tena. Labda mtoto ameachishwa ziwa mapema. Labda Bochaberi ana hasira nami kwa jambo fulani. Nilitunga sababu nyingi, zote za kipumbavu, na hakuna hata moja iliyosimama mpaka asubuhi.

Leo nilisubiri mawe yapige kwa nguvu zote, mtu asisikie, nikaenda nikakaa kwenye kitanda cha Momanyi. Mke wake na mke wangu husimama dirisha moja kila Jumapili. Nikamwambia, "Mzee, niambie habari ya mtoto wangu."

Hakuuliza mtoto gani. Angeuliza tu, ningebaki na tumaini kidogo.

"Surua," akasema. "Ilipita upande wenu, ikachukua wengi."

"Lini?"

"Jumapili sijui gani. Mke wangu aliniambia. Hapa siku zote ni moja, Mwalimu, sikumbuki."

Nikamuuliza kwa nini kila mtu amenyamaza. Akasema ni amri ya nyumbani kwetu. Wazee pamoja na kaka yangu walikaa, wakasema mtu wa kifua akipigwa na habari ya msiba damu itafumuka atakufa, na ukoo hauwezi kuchimba makaburi mawili katika msimu mmoja. Wakamwonya Bochaberi asitoe chozi hapa dirishani. Momanyi akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Na wewe usiseme ni mimi. Sana sana usiseme ni yeye. Ukianguka leo, watasema mke wako ndiye alikuua." Kisha huyu mzee aliyechinja ng'ombe tangu ujana wake akageukia ukuta, na mgongo wake ukawa unatikisika.

Nilirudi kitandani nikangoja damu.

Nasema kweli, niliingoja. Nilichukua kikopo changu cha makohozi, nikakifungua kifuniko, nikakohoa kwa makusudi, nikatazama. Hakuna. Nikakohoa tena mpaka macho yakatoka maji. Hakuna kitu, ute mweupe tu, ule ambao daktari huusifu kila anapopita. Pafu langu halina habari. Mtoto wangu amezikwa na pafu langu linaendelea kupona vizuri kama mwanafunzi mtiifu.

Nimesikia na sikufa. Sijui kama nishukuru.

Kwetu mtoto mchanga hazikwi na umati. Ni watu wachache, shimo dogo, halafu wanawake wanarudi jikoni. Nadhani ni nyuma ya migomba, upande wa jiko, lakini sijui. Mimi baba yake sijui. Ningerudi nyumbani siku ya kuruhusiwa, nimebeba theluji mkononi, ningepita juu yake nikienda mlangoni kumwita.

Nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda. Kaka yangu aliamua hivyo kwa sababu ananipenda. Namjua, alilia aliponileta hapa, akajifanya ni moshi wa lori. Wazee waliamua kwa hofu, na hofu yenyewe si ya uongo, maana wameona watu wakifa kwa kifua hiki. Wenzangu wa wodini walinyamaza kwa huruma. Kila mtu amenitendea wema, na katikati ya wema huo wote mke wangu amemzika mtoto peke yake, akaosha uso, akavaa gauni la maua, akapanda basi kuja kunichekea.

Na mimi nikampa karatasi. Jumapili baada ya Jumapili, mwanamke ambaye maziwa yanamkaukia kifuani, nikampa karatasi nikamwambia mtundikie.

Atakuwa amezipeleka wapi?

Mvua ilipopungua Sista Hilda alipita na mkasi wake na karatasi. "Leo wewe hapana kata?" akauliza. Nilimtazama usoni kuona kama naye anajua. Hajui. Siri yote ilipita dirishani kwa Ekegusii, na yeye Ekegusii chake ni salamu tu. Akaniwekea mkasi kitandani akaenda kwa Momanyi, akamkuta amejifunika blanketi gubigubi, akamwacha.

Hapa nitaungama jambo ambalo sitamwambia mtu.

Nilikata. Nilisema sitashika mkasi huo tena, na kabla sijamaliza kusema mikono ilikuwa imeshaanza kukunja, pembe kwa pembe, nusu, mara tatu. Na ikanituliza. Pumzi ikashuka, kama kawaida, mabega yakalegea, na kwa muda fulani sikuwa nafikiri chochote ila ukingo wa karatasi na ncha ya mkasi. Nilipoifungua ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. Nikaona haya hata mbele ya kitanda changu. Mtu gani anapata utulivu siku kama ya leo? Nilitaka kuichana. Sikuichana. Iko hapa chini ya daftari, na bado ninaona ni nzuri.

Bochaberi yeye hana mkasi. Ana jembe, ana kuni, ana nyumba yenye kitanda kisicho na mtoto, na kila Jumapili ana kazi ya kunidanganya. Hilo ndilo linalonikaba kuliko kifo chenyewe. Kifo kimekwisha kutokea. Lakini Jumapili ijayo atakuja tena, nitauliza tena habari ya mtoto kwa sababu nisipouliza atashangaa, naye atamkuza Nyaboke mdomoni, ampe jino la pili, amfanye aketi, amfanye atambae, mpaka siku nitakayotoka hapa. Mwanamke gani anaweza kubeba mzigo huo na asivunjike? Nikinyamaza, ninamtwika. Nikisema, na bahati mbaya pafu likafumuka baada ya wiki au mwezi, watamwekea yeye kifo changu, na hatakuwa na mtu wa kumtetea.

Nimeligeuza jambo hili muda wote huu. Mawe yamekwisha, sasa ni matone tu kutoka kwenye paa, na nje uani kumekuwa kweupe. Wauguzi wanayafagia mlangoni. Momanyi ametoa kichwa nje ya blanketi, anaangalia kama bado niko hai.

Niko hai. Na nitakula uji, nitameza vile vidonge vichungu vyote, sitaruka sindano. Sasa nina sababu ya kutokufa ambayo sikuwa nayo asubuhi. Nikifa, wataongea.

Basi nimeamua hivi. Jumapili akija sitanong'ona naye. Nitasubiri madirisha yote yajae, wake za watu, askari, na kama kaka yangu atakuwa amekuja, afadhali zaidi. Nitasimama wima ili waone nimesimama. Nitasema mbele yao wote kwamba nimejua, na kwamba sikuambiwa na mtu, nililiona mwenyewe kwenye gauni kavu. Aone haya atakayeona haya. Wasiwe na njia ya kumshika yeye. Kisha nitamwita kwa Ekegusii, kwa jina lake ambalo wamemnyang'anya pamoja na mtoto. Nitamwita Ng'ina Nyaboke, Mama Nyaboke. Na atakapolia, nitasimama pale pale wavuni mpaka amalize, hata kengele ikilia.

Hii theluji ya leo nitampa yeye, si ya kumtundikia mtu.

Halafu, akishatulia, kuna neno moja nataka kumuuliza, na nimejiandaa kwa jibu lolote. Lile jino la chini, la mbele. Je, lilikuwako kweli?